Hiromitsu Nakauchi na ndoto ya kukuza figo

Wapenzi wa teknolojia, leo tuweke tarakilishi kando kidogo. Nataka kuwasimulia kuhusu mwanasayansi Mjapani, Hiromitsu Nakauchi, ambaye swali lake ni rahisi kuuliza lakini ni gumu kujibu: figo ikiharibika, je, tunaweza kukuza nyingine?

Shida yenyewe mnaijua. Mtu ambaye figo zake zimekufa ana njia mbili: kusafishwa damu kwa mashine kila wiki, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Figo za kupandikiza hazitoshi, na mwili hukataa kiungo cha mgeni, kwa hivyo mgonjwa humeza dawa za kutuliza kinga miaka nenda miaka rudi. Harambee ngapi tumechangia kwa sababu hiyo?

Seli shina ni seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa kwenye uchanga huo kwa jeni 4 tu. Lakini kuwa na seli si kuwa na figo. Figo ina vichujio, mirija na mishipa ya damu, kila kitu mahali pake. Nani atavipanga?

Nakauchi, akiwa Chuo Kikuu cha Tokyo, alijibu: kiinitete chenyewe. Sisi waandishi wa programu tungesema hivi: ondoa moduli moja, acha nafasi yake wazi, kisha leta moduli ya mtu mwingine mfumo uipokee. Mbinu hiyo ya kujaza pengo ilikuwa imetumiwa Marekani mwaka wa 1993 kutengeneza seli za kinga. Yeye alitaka kiungo kizima.

Timu yake ilichukua viinitete vya panya wadogo wasio na jeni ya Pdx1, ambao huzaliwa bila kongosho na kufa. Wakaviingizia seli shina za panya wa jamii nyingine, wale wakubwa. Mwaka wa 2010 walitangaza matokeo: panya wadogo wenye kongosho la panya mkubwa, tena lenye kipimo cha mwili wa mwenyeji.

Mwaka wa 2017 waligeuza mambo, wakakuza kongosho la panya mdogo ndani ya panya mkubwa. Seli zake za insulini zilipandikizwa kwa panya wadogo wenye kisukari. Sukari yao ilikaa sawa kwa zaidi ya siku 370, na dawa za kinga walipewa siku 5 za mwanzo tu.

Figo ilikuwa kazi nzito zaidi. Ilipatikana mwaka wa 2019, figo za panya mdogo ndani ya panya mkubwa, lakini watoto hao walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Jeni iliyoondolewa, Sall1, inahusika pia na kunusa, na mtoto wa panya asiyenusa hanyonyi. Ukifuta mstari mmoja wa programu, kitu kingine huvunjika kule ambako hukutazamia!

Kikwazo kingine kilikuwa sheria. Japani iliagiza viinitete vya wanyama vyenye seli za binadamu viharibiwe kufikia siku ya 14. Nakauchi akafungua maabara Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwezi wa Machi 2019 Japani ililegeza kanuni, na Julai akapewa idhini. Wanaopinga wanauliza: je, seli za binadamu zikipotea njia zikaingia kwenye ubongo wa mnyama?

Mwaka wa 2023 watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha figo changa zenye seli nyingi za binadamu ndani ya viinitete vya nguruwe, vilivyokua hadi siku 28. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupandikizwa figo ya namna hii, na safari bado ni ndefu.

Sasa swali langu kwenu: kama figo hiyo imetokana na seli zako mwenyewe, lakini imelelewa tumboni mwa nguruwe, je, ni yako au ya nguruwe? Mwislamu na Mkristo huenda wakajibu tofauti. Afadhali tulijadili sasa, kabla daktari hajatuuliza tukiwa kitandani.