Waridi la jangwani: panda mbegu, usichimbe mlimani

Ukisafiri kati ya Voi na Mtito Andei wakati kiangazi kimekaza, vichaka vyote utaviona vimekuwa vya kijivu. Halafu ghafla, kwenye mwamba ambapo hata nyasi zimekata tamaa, unaona maua mekundu na ya pinki yamechanua juu ya vijiti visivyo na jani hata moja. Wachungaji wanaujua mmea huo tangu utotoni. Wenye vitalu mjini wanauita waridi la jangwani, na wanauuza kwenye vyungu.

Tangu tuuzungumzie kwenye kipindi chetu cha asubuhi, simu ya studio haijapumzika. Ujumbe mwingi ni wa aina mbili. Wa kwanza: "Nilipanda, nikamwagilia kila siku, umeoza. Nilikosea wapi?" Wa pili ni mzito zaidi: "Kuna mtu anakuja kijijini na pikapu, ananunua yaliyochimbwa porini. Tumwambie shilingi ngapi?" Tunajibu yote mawili hapa, ili uweze kusoma polepole na kumwonyesha jirani.

Ni mmea gani hasa

Si waridi la kweli, wala hauhitaji jangwa. Ni jamaa ya oleanda. Wataalamu wanauita Adenium obesum. Neno la kwanza limetokana na mji wa Aden kule Yemen, na la pili maana yake ni nene, kwa sababu ya shina lake lililovimba kama kibuyu. Aliyeuandika kwanza kwenye vitabu vya sayansi ni Peter Forsskål, aliyeukuta Yemen na kufia huko mwaka 1763; maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Lakini ni mmea wetu vilevile. Unaota wenyewe kuanzia Senegal, ukanda wote wa Saheli hadi Ethiopia na Somalia, ukashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari hadi Oman.

Lile shina nene ndilo tangi lake la maji. Mvua ikinyesha linajaa, kiangazi kikija mmea unaangusha majani ili usipoteze maji, kisha unaishi kwa akiba. Ukielewa jambo hilo moja, nusu ya makosa ya kuutunza yameisha.

Kabla ya kuuleta nyumbani, jua kwamba una sumu

Hili hatulisemi kwa kutisha. Utomvu wa waridi la jangwani, kuanzia mizizi hadi maua, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, huuchemsha utomvu huo kuwa sumu ya mishale ya kuwindia. Mtoto akitafuna jani, au mbuzi akipewa matawi yaliyokatwa, si jambo la kungoja kesho.

Kwa hiyo chungu kikae juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki. Ukikata tawi, vaa glavu au mfuko mikononi, usijiguse macho, kisha nawa kwa sabuni na uoshe kisu. Matawi uliyokata yafukie, usiyatupe zizini. Mtu akimeza, mpeleke hospitali mara moja na ubebe kipande cha mmea ili daktari auone. Usijaribu kumtibu kwa maziwa nyumbani. Na wale wanaotuuliza kama ni dawa ya hiki au kile, jibu letu ni moja: usijaribu.

Sasa, yule mtu wa pikapu

Tumeulizwa bei. Tutajibu kwa hesabu nyingine.

Mmea mnene unaouona mlimani umeishi miaka mingi, pengine kabla baba yako hajaoa. Ukiuchimba unauuza mara moja tu. Mingi haifiki mbali: mizizi imekatwa kwa jembe, kidonda hakikukauka, mnunuzi anaupanda na kuumwagilia kama sukumawiki, unaoza. Mwaka ujao pikapu inarudi, na safari hii mnapanda mlima juu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wachimbaji wengi hawalijui. Mmea huu kwa kawaida haujizalishi peke yake. Ua linahitaji chavua ya mmea mwingine, iliyoletwa na mdudu. Ukichimba mmoja kati ya miwili iliyo karibu, yule aliyebaki ataendelea kuchanua kila kiangazi bila kupata mbegu. Mlima unaonekana bado una maua, kumbe hauzai tena. Ndani ya hifadhi ya taifa, kuchimba mmea ni kosa la kisheria pia.

Lakini mmea mama ukiachwa pale pale, ganda lake moja lina mbegu kwa makumi. Mche wa mbegu kwenye joto letu hutoa ua kati ya mwaka mmoja na miwili. Kule Thailand na Taiwan wakulima wanaotesha na kuuza mimea hii kwa wingi, na asili yake ni huku Afrika na Uarabuni. Sisi tulio nayo nyuma ya nyumba ndio tunaouza kwa kung'oa. Tukiri, hilo linatuudhi kidogo.

Kukusanya na kupanda mbegu

Baada ya ua kushika mimba, utaona maganda mawili marefu yaliyoungana mfano wa pembe za ng'ombe. Yanaanza yakiwa ya kijani, kisha yanageuka rangi ya udongo. Hapo ndipo watu wengi wanakosa mbegu, kwa sababu ganda hupasuka siku moja tu na upepo ukabeba zote: kila mbegu ina nywele laini ncha zote mbili. Rangi inapoanza kubadilika, lifunge ganda kwa uzi sehemu mbili tatu, au livike kipande cha chandarua kilichochakaa. Kwa mmea wa porini chukua ganda moja tu, mengine yaache yapasuke. Kama shamba lina mwenyewe, muombe kwanza.

Usiweke mbegu kabatini mwaka mzima. Mbichi ndiyo nzuri. Kadiri miezi inavyopita ndivyo zinavyokataa kuota. Loweka kwa saa chache kwenye maji ya uvuguvugu. Andaa mchanga wa mtoni ulio mnene, sehemu mbili, na udongo wenye samadi iliyooza vizuri, sehemu moja. Ukiwa na vipande vidogo vya mkaa au tofali lililopondwa, ongeza. Debe la mafuta, mkebe wa rangi uliooshwa au jerikeni iliyokatwa vyote vinafaa, mradi uvitoboe chini. Matundu mengi, si moja.

Laza mbegu ubavu, zifunike kwa mchanga kidogo usiozidi unene wa kidole kidogo, kisha weka mahali penye joto na kivuli chepesi. Zile mbichi huanza kuchomoza ndani ya wiki moja hivi. Katika wiki za kwanza mchanga uwe na unyevu bila kuwa tope. Miche ikipata majani manne au sita, ianze kuzoeshwa jua taratibu, kisha kila mmoja uhamie kwenye chombo chake.

Tawi nalo huota. Kata urefu wa kiganja, acha kidonda kikauke kivulini siku kadhaa, ndipo uchomeke kwenye mchanga. Ila tawi kwa kawaida halitoi lile tumbo nene ambalo wanunuzi wanalitaka. Mbegu ndiyo hutoa.

Maji ndiyo yanayoua

Turudi kwa aliyemwagilia kila siku. Asijilaumu sana, kwa sababu na sisi tuliwahi kuuweka mmoja langoni pa kituo, kwenye mkebe wenye tundu moja, na kila aliyepita akaumwagia maji yaliyobaki kwenye chupa yake. Baada ya miezi miwili shina lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Mmea mkubwa mwagilie hadi maji yatoke chini, kisha usirudi mpaka udongo ukauke. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, nenda zako. Wakati hauna majani, maji kidogo sana au usiupe kabisa. Mvua ya masika ikizidi, sogeza chombo chini ya paa. Jua uupe kwa wingi, saa sita kwa siku au zaidi. Ukiukalisha ndani ya nyumba utarefuka na kunyongea, na maua utayasikia kwa majirani.

Kila unapopita, bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, sawa. Likiwa limenywea kidogo na mikunjo, lina kiu, hilo si tatizo. Likiwa laini na lenye majimaji, ng'oa siku hiyohiyo, kata sehemu yote iliyooza mpaka uone nyama safi nyeupe, pakaza unga wa mkaa, kisha uache ukauke kivulini wiki moja kabla ya kuurudisha kwenye mchanga mkavu. Mingine hupona.

Wadudu ni wachache. Vidukari vya njano hukusanyika kwenye vikonyo vya maua. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukikuta majani yote yameisha usiku mmoja, tafuta kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili kama macho karibu na kichwa. Huyo anakula mmea huu wenye sumu na hadhuriki. Mtoe kwa mkono wenye glavu.

Wasikilizaji wetu wa Wundanyi na milima mingine ya Taita wametuuliza kama mmea utakubali baridi yao. Utakubali, lakini kuanzia Juni hadi Agosti usikae nje kwenye ukungu. Uhamishie barazani upande wa jua la mchana, acha udondoshe majani bila wasiwasi, na debe la maji liweke mbali hadi joto lirudi.