Kipima gesi cha mgodini

Kipima gesi cha mgodini ni kifaa cha kielektroniki kinachomwonya mchimbaji hewa inapokuwa na sumu, inapoweza kulipuka au inapopungukiwa oksijeni. Kwa kawaida hupima oksijeni, methani, kaboni monoksidi na hidrojeni salfaidi. Methani ndiyo tishio kuu kwenye migodi ya makaa ya mawe: hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alibuni taa ya usalama, ambayo mwali wake ulirefuka methani ilipoongezeka. Uingereza ilitumia pia ndege wa kanari, walioanguka kabla ya mtu kulewa gesi. Maskini hao walistaafishwa mwaka 1986 tu.

Kifaa cha leo huvaliwa kifuani, karibu na pua, si kiunoni. Hulia, humweka na kutetemeka, maana kelele za mashine za kuchoronga humeza mlio. Vingine hutuma vipimo hadi chumba cha udhibiti. Vihisi vyake huchakaa, hivyo hujaribiwa kwa gesi maalumu kabla ya zamu. Kisichoitika hakifai kushuka mgodini.