Nyuzi zamfunza mwanafunzi uhusiano wa msitu na ziwa

Kidole kimoja hakivunji chawa, walinena wahenga. Huo ndio msingi wa kufuma kwa pamoja, mbinu ya kuwafunza watoto jinsi viumbe na mazingira yao wanavyotegemeana.

Mfano unaojulikana zaidi ulianzishwa 2005 mjini Los Angeles, Marekani, na mapacha wenye asili ya Australia, Margaret na Christine Wertheim. Walifuma kwa kroshia miamba ya matumbawe, ambayo huangamia joto la bahari linapozidi. Maelfu ya watu katika nchi nyingi, wakiwemo wanafunzi, wamechangia vipande vyao. Makunyanzi ya matumbawe hayo hupatikana kwa kuongeza mishono katika kila mzunguko, njia iliyobuniwa 1997 na mwanahisabati Daina Taimina.

Bahati, katika Kaunti ya Nakuru, iko mbali na bahari, lakini ina funzo lake. Miinuko yake ni sehemu ya eneo linalopeleka maji katika Ziwa Nakuru. Ziwani, mwani mdogo uitwao spirulina hustawi kwenye maji ya magadi, nao ndio chakula kikuu cha heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo.

Darasa linaweza kugawana kazi: kundi moja lifume msitu, jingine mto, mwani, heroe, na mashamba ya wakulima. Vipande huunganishwa kwa uzi mmoja. Mwalimu akivuta uzi wa msitu, wanafunzi huona kipande cha ziwa kikijikunja. Miti ikikatwa, mvua huchukua udongo wa shamba hadi ziwani.

Somo hilo si la kubuni. Kati ya 2010 na 2020, ziwa hilo lilipanuka kutoka takriban kilomita 40 za mraba hadi karibu 68, hali ambayo wataalamu wanaihusisha hasa na ongezeko la mvua. Magadi yalipopungua makali, mwani ulipungua, na heroe wengi wakahamia kwingine, likiwemo Ziwa Bogoria. Familia zilizoishi kando ya ziwa nazo zilipoteza makao.

Gharama yake si kubwa. Katani, masalio ya sufu na vitambaa vikuukuu vyatosha, nao ususi wa vyondo ni ujuzi ambao nyanya wengi wanao. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, unahimiza mwanafunzi kujifunza kwa kutenda.