Kapasita ya Fidia na Uthabiti wa Amplifaya: Historia Yake kwa Mtazamo wa Bariadi

Insha hii inatetea hoja kwamba historia ya amplifaya zenye mrejesho ni historia ya kuhama kwa wajibu: kazi ya kuzituliza ilitoka mikononi mwa fundi ikaingia ndani ya kifaa chenyewe.

Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani, alibuni mrejesho hasi: sehemu ya mawimbi yatokayo hurudishwa mwanzoni yakiwa kinyume, ili kupunguza upotoshaji. Hata hivyo, kila hatua ya ukuzaji huchelewesha mawimbi, na ucheleweshaji huongezeka kadiri masafa yanavyopanda. Hatua zikiwa tatu, jumla yake inaweza kufikia nyuzi 180. Ikiwa ukuzaji bado ni mkubwa, mrejesho uliokusudiwa kupinga hugeuka kuchochea, na amplifaya huvuma yenyewe. Harry Nyquist alieleza sharti la uthabiti mwaka 1932. Tiba iliyozoeleka ni kapasita ndogo ya fidia, inayoshusha ukuzaji wa masafa ya juu kabla hali hiyo haijafikiwa.

Saketi unganishi μA709 ya mwaka 1965, kazi ya Robert Widlar wa Fairchild, ilimwachia mtumiaji kuchagua kapasita hizo. Mwaka 1968 kampuni hiyohiyo ilitoa μA741, iliyosanifiwa na Dave Fullagar, ikiwa na kapasita ya pikofaradi 30 ndani yake. Gharama yake ilikuwa kasi: ukuzaji hushuka hadi moja karibu na megahezi 1.

Uzito wa badiliko hili huonekana zaidi mbali na viwanda. Kampeni ya kitaifa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitegemea vikundi vya kusikiliza redio. Bariadi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Redio za transista za wakati huo zilitengenezwa kwa vijenzi vilivyoonekana, hivyo fundi aliweza kubadilisha kapasita moja. Fidia ya ndani ilimwondolea fundi asiye na osiloskopu kazi ya kukisia, lakini pia ilimnyima nafasi ya kurekebisha: saketi ikiharibika, huibadilisha nzima.

Kwa hiyo, historia ya teknolojia mkoani Simiyu isiishie kuhesabu redio. Ichunguze pia maarifa ya kuzitengeneza yalikaa wapi, na kwa nani.