Mapinduzi ya Zanzibar na uhusiano wa nje

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalimwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Uingereza na Marekani zilisita kuitambua serikali mpya hadi Februari. China na Ujerumani Mashariki ziliitambua mapema. Mvutano mzito zaidi ulihusu Ujerumani hizo mbili, Mashariki na Magharibi. Ujerumani Magharibi ilizibana nchi zilizoitambua Ujerumani Mashariki, na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa 26 Aprili ukairithisha Tanganyika ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Unguja. Mwaka 1965 serikali ya Muungano iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo tu, Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi haikuridhika, ikaondoa msaada wa kijeshi. Rais Nyerere, kwa ujasiri unaostahili heshima, akaukataa na msaada mwingine wa kiserikali wa nchi hiyo. Huko Unguja, majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yangalipo Kikwajuni.