Prosesa ya Bei Kubwa na Chombo Chake

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu kipo kijiji kiitwacho Matondoni, ambacho sifa yake yajulikana pwani kwa mambo mawili: mikeka isukwayo na wanawake, na vyombo viundwavyo na mafundi. Ukifika ufukoni utaviona vyombo hivyo vimeegemezwa juu ya magogo, vingine vikiwa mkuku na mataruma matupu, vingine vizee vilivyoletwa kutiwa kalafati upya. Fundi hushika tezo, msumeno na keekee, na aghalabu hachori ramani karatasini. Vipimo vyote vimo kichwani mwake. Naanza na kijiji hiki, msomaji, ingawa habari nitakayokueleza ni ya kompyuta. Vijana wengi wa leo huulizana kama prosesa ya bei kubwa kabisa, iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo, yastahili kununuliwa. Swali hilo liliulizwa ufukoni kabla ya wao kuzaliwa, ila kwa jina jingine.

Kwa karne nyingi vyombo vya pwani yetu vilikwenda kwa tanga, vikingoja kaskazi na kusi. Katika karne ya 20 zilipokuja injini, kila mwenye chombo alipaswa kuamua anunue ya nguvu za farasi ngapi. Mtu asiyejua hudhani kwamba injini yenye nguvu maradufu itakipeleka chombo mbio maradufu. Haiwi hivyo. Chombo kizito kilichoundwa kwa tanga hupasua maji, na kiendapo huinua wimbi omoni na jingine tezini. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo wimbi linavyorefuka, hata chombo huwa kama mtu apandaye kilima alichokijenga mwenyewe. Mhandisi wa Kiingereza, William Froude, aliyachunguza mambo haya katika miaka ya 1870 kwa kuvuta vielelezo vya meli ndani ya tangi refu la maji huko Torquay. Kwa hesabu zitokanazo na elimu hiyo, chombo chenye urefu wa meta 9 majini hukaribia mpaka wake kiendapo maili 7 za bahari kwa saa. Kuupita mpaka huo kwataka nguvu nyingi sana kwa faida haba. Mwenye kufunga injini ya farasi 80 mahali pa farasi 20 ataunguza mafuta, atatikisa misumari, na atafika bandarini dakika chache tu kabla ya jirani yake. Mashua nyepesi za faiba hazifungwi na mpaka huu, kwa kuwa huinuka zikateleza juu ya maji. Lakini mwenye mashua hiyo amebadili chombo kizima, hakubadili injini peke yake.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kifanyacho hesabu na kutoa amri. Uchezapo mchezo wa mpira, prosesa ndiyo iamuayo mchezaji yuko wapi, mpira waelekea wapi, na mpinzani atafanya nini. Ikiisha kuamua, kadi ya michoro huchora picha, na kioo huionyesha mbele ya macho yako, mara 30 au 60 au zaidi katika kila sekunde. Hawa hufanya kazi kwa kupokezana, kama watu wapitishanao matofali, na aliye mzito kati yao ndiye awapimiaye wenziwe mwendo. Prosesa ikiwa imemaliza hesabu yake na kadi ingali yachora, prosesa hungoja. Hata uilipie dola elfu, itangoja tu.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwezi wa Novemba 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa iliyoitwa 4004, yenye transista 2,300 hivi, ikipiga mapigo 740,000 kwa sekunde. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo ndiyo iliyozieneza kompyuta za mezani duniani, ilikuwa na prosesa ya mapigo milioni 4.77. Kufikia mwaka 2004 ziliuzwa zenye mapigo bilioni 3.8. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 watu walizoea kuitazama namba hiyo moja tu, nayo ilikuwa ikipanda kila mwaka, na muuzaji hakuwa na haja ya kueleza neno jingine. Kisha ikakwama. Mwezi wa Oktoba 1974 haukujua habari hizi, lakini Oktoba 2004 ulizijua: Intel iliacha mpango wake wa kuuza prosesa ya mapigo bilioni 4, maana mbio zile zilizaa joto kuliko zilivyozaa kazi.

Nimeutaja mwaka 1974 kwa makusudi, kwa sababu mwaka huo jirani zetu wa Tanzania walikuwa na shauri lao la kompyuta, nalo ni kisa kinachostahili kukumbukwa na kila mnunuzi. Kompyuta ya kwanza katika nchi hiyo iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya aina ya ICT 1500, kutoka kampuni ya Kiingereza. Katika miaka iliyofuata serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake katika mashine. Wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, ikabidi kutegemea wageni. Kazi haikwenda kama ilivyotarajiwa na hasara ikawa kubwa. Ndipo mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980, na ilipofika katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Utaona basi kwamba kununua nguvu kabla ya kuipatia kazi na watu si kosa la vijana peke yao. Lakini tusikimbilie upande wa pili. Kwa maoni yangu amri ile ilipita kiasi, kwa kuwa ilimzuia hata aliyekuwa na kazi ya kweli kwa mashine, na vijana wa nchi ile wakachelewa kujifunza elimu ambayo ukosefu wake ndio ulioleta hasara. Mwenye jahazi aliyedanganyika kwa injini kubwa hapaswi kuapa kwamba hatafunga injini maisha yake yote.

Turudi kwenye mwaka 2006, maana hapo pana ushahidi mzuri kupita wote niujuao. Mwezi wa Mei kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya michezo iliyoitwa Athlon 64 FX-62, kwa bei ya dola 1,031. Intel nayo ilikuwa na Pentium Extreme Edition 965, ya dola 999, yenye mapigo bilioni 3.73. Hizi zilikuwa fahari za masoko. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Intel ikatoa Core 2 Duo, na katika jamii hiyo ilikuwamo moja iitwayo E6600, ya mapigo bilioni 2.4 tu, kwa dola 316. Wachunguzi walipozipima, E6600 ilizishinda zile za dola elfu katika michezo mingi. Mtu aliyenunua FX-62 siku ilipotoka alikuwa mfalme kwa muda wa miezi miwili.

Yawezekanaje mapigo bilioni 2.4 yashinde bilioni 3.73? Watazame wapiga kasia wawili. Mmoja hupiga haraka haraka, kasia likigusa maji juu juu. Mwingine hupiga polepole, lakini kila pigo hulizamisha kasia na kulivuta hadi mwisho. Ukihesabu mapigo utamsifu wa kwanza. Ukitazama mtumbwi utamsifu wa pili. Prosesa ile mpya ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo.

Baada ya kukwama kwa mapigo, watengenezaji walishika njia ya kuweka viini vingi ndani ya prosesa moja, kila kiini kikifanya kazi yake, na wauzaji wakapata namba nyingine ya kuandika juu ya sanduku. Hapa pia yafaa tahadhari. Gene Amdahl wa IBM alikwisha kueleza mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo iwekayo mpaka. Tuseme safari ya mzigo yachukua saa 4: saa 3 za kupakia na kupakua, saa 1 ya kwenda majini. Waongeze wapagazi upendavyo, hata upakiaji uwe wa dakika 10, ile saa moja ya majini haitapungua. Michezo mingi ina sehemu kubwa ya namna hiyo, isiyoweza kugawiwa viini 16.

Mwezi wa Aprili 2022 jambo la mwaka 2006 lilijirudia kwa sura nyingine. Intel ilitoa Core i9-12900KS, yenye viini 16, kwa dola 739, nayo iliruhusiwa kutumia umeme hadi wati 241. AMD ikatoa Ryzen 7 5800X3D, yenye viini 8, kwa dola 449. Siri ya hii ya pili ilikuwa kashe, yaani kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ambayo iliongezwa hadi megabaiti 96, ili prosesa isiende ghalani kila inapotaka kitu. Katika michezo zilikuwa karibu sawa, mara hii ikitangulia, mara ile. Katika kuhariri filamu na kazi nyingine zigawanyikazo, ile ya viini 16 iliiacha mwenzake mbali. Mtu alaye kwa kuhariri filamu hakukosea kulipa dola 739. Aliyetaka kucheza tu alilipa dola 290 zaidi akapata joto, na joto, kwa watu wa kisiwani ambako hewa ina chumvi na unyevu, si zawadi.

Hizo dola 290, msomaji, zigeuze shilingi, kisha uulize nyumbani mkeka mmoja huuzwa kwa bei gani na husukwa kwa siku ngapi. Ninyi wa Matondoni mtaimaliza hesabu hiyo upesi kuliko mimi.

Na ikiwa unayo kompyuta, au rafiki yako anayo, lipo jaribio lisilogharimu senti. Fungua mchezo uupendao, utazame ni picha ngapi zaonyeshwa kwa sekunde. Kisha uingie katika mipangilio, upunguze ukubwa na uzuri wa picha hata chini kabisa, utazame tena. Ikiwa hesabu ya picha imepanda sana, basi kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa imelemewa, na prosesa mpya haitakufaa kitu. Ikiwa hesabu imebaki pale pale, prosesa ndiyo nzito, na hapo una haki ya kwenda dukani. Ukifika, usianze na ile iliyowekwa katika kabati la kioo. Anza na ile iliyo daraja mbili chini yake, umwombe muuzaji akuonyeshe vipimo vya mchezo wako wewe, kwa kadi kama yako na kioo kama chako.