Mwacha Asili: Habari za Waendesha Motokaa Waliobadili Mbio



Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Neno hili twalitumia kila siku: kwa kijana aliyeacha jembe la baba yake akaenda mjini, kwa mwana aliyesahau lugha ya mama yake. Leo nataka kulipima kwa mizani ya watu ambao wahenga hawakuwafikiri hata kidogo, nao ni watu wa mashindano ya motokaa. Katika watu hao wamo walioacha mbio walizozijua, wakaingia katika mbio wasizozijua. Je, walikuwa watumwa? Na tuitazame tarikhi yao.

Mtu wa Segese, katika nchi ya Kahama, hana haja ya kufundishwa kwamba njia moja si sawa na njia nyingine. Katika Kisukuma kila udongo una jina lake. Luseni ni mchanga mwepesi wa mahali pa juu. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa ikawa ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha hugeuka ulimbo, na lori lenye shehena ya pamba huweza kulala papo hapo siku mbili tatu. Dereva aliyefundishwa na luseni peke yake, akifika mbugani huzama. Na aliyefundishwa na mbuga, akipanda kwenye barabara ya lami, mwendo humponyoka. Wote wawili ni madereva wa kweli, walakini kila mmoja ana mwalimu wake.

Hali kadhalika na mashindano. Yako ya namna nyingi, nasi tutashika namna tatu. Ya kwanza ni mbio za uwanjani, ambamo motokaa nyingi huzunguka njia moja iliyotengenezwa, mzunguko baada ya mzunguko, na wa kwanza kumaliza ndiye mshindi. Ya pili ni mbio za barabarani, ziitwazo rali. Humo kila motokaa huondoka kwa zamu yake, hupigwa saa, na dereva huwa na mwenzake kando, mwenye kitabu, akimwambia kona inayokuja. Ya tatu ni mbio za jangwani, za siku nyingi, ambamo hapana barabara hata kidogo, na kupotea njia ni adui mkubwa kuliko kuchelewa.

Mashindano makubwa ya Afrika ya Mashariki yalizaliwa kwa sababu ya ugomvi baina ya namna hizi. Hapo kale palikuwa na uwanja wa mbio mahali paitwapo Langalanga, karibu na Nakuru. Bwana mmoja wa Kenya, Eric Cecil, alimtaka binamu yake, Neil Vincent, aje kushindana huko. Vincent akakataa. Aliona ni kazi ya kuchosha mno kuzunguka pale pale kama ng'ombe wa kinu. Akasema kwamba kama angepewa safari ya kuvuka nchi na kurudi, wa kwanza kufika nyumbani awe mshindi, hapo angekuja. Neno lile halikuanguka chini. Mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hata tarehe 1 Juni, yakafanywa mashindano ya kwanza kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Motokaa ziligawanywa kwa bei zilizouzwa dukani, maana zilikuwa motokaa zile zile za watu wa kawaida. Tangu mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki.

Safari hiyo ilifanywa majira ya Pasaka, wakati mvua za masika zinaponyesha. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikarudi 7 tu. Mwaka 1968 zilirudi 7 vile vile. Na ajabu ni kwamba mshindi wa mwaka ule wa kwanza ndiye mshindi wa mwaka ule wa pili: Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Baina ya miaka hiyo, mwaka 1966 na mwaka 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, nao pia walikuwa na Peugeot. Kwa miaka mingi mabingwa wa Ulaya walikuja na motokaa zao nzuri, wakashindwa na wenyeji. Watu wakaanza kusema kwamba mgeni hawezi kuishinda Safari.

Lakini kabla ya kumtazama mgeni, na tumtazame mwenyeji mmoja aliyebadili kazi. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi, akilala chini ya motokaa za watu, na baadaye akapewa kazi ya kuzunguka barabarani akiwasaidia wenye motokaa zilizoharibika. Katika siku hizo za utawala wa kikoloni mashindano yalikuwa mchezo wa Wazungu hasa, na fundi wa Kihindi alitazamiwa kushika spana, asishike usukani. Yeye akaushika. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari katika Volvo iliyokuwa imekwisha tumika. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Alianza Safari 22, akamaliza 19. Hesabu hii ya pili ndiyo yenye mafundisho makubwa kuliko ile ya ushindi wake. Dereva aliyekuwa fundi husikia injini ikilalamika kabla haijalia. Hujua ni jiwe lipi la kulikwepa na lipi la kulivumilia. Joginder hakuacha ufundi wake alipopanda kwenye kiti. Aliupandisha pamoja naye.

Basi mgeni wa kwanza kufungua mlango ni Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, katika mashindano yaliyoanzia Dar es Salaam. Pamoja na Gunnar Palm alishinda katika Ford Escort. Akafuata mtu wa nchi yake, Juha Kankkunen, aliyeshinda mwaka 1985, nayo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia Safari. Watu hawa walikuwa wamejifunza juu ya theluji na barafu. Mtu atauliza, theluji ina udugu gani na matope yetu? Udugu wake ni huu, kwamba vyote viwili huteleza. Mtu wa Finland tangu utoto amezoea motokaa isiyotii usukani mara moja. Amejifunza kuigeuza kabla ya kona, si ndani ya kona. Mambo mapya kwake yalikuwa vumbi, joto, wanyama njiani, na urefu wa safari. Hayo ilimpasa ajifunze kwa unyenyekevu, na waliokataa kujifunza walirudi kwao wakiwa wamebebwa na lori.

Nje ya nchi zetu nako iko mifano ya kustaajabisha. Mwingereza Vic Elford, mwaka 1968, alishinda rali ya Monte Carlo mwezi Januari. Haukupita muda, mwanzoni mwa Februari, alikuwa miongoni mwa walioshinda mbio za uwanjani za saa 24 kule Daytona, Marekani. Mwaka huo huo akashinda Targa Florio kule Sicily, na mwezi Julai akaingia mara yake ya kwanza katika mbio za Formula One, kule Ufaransa, siku ya mvua kubwa, akawa wa 4. Angalieni neno hili: siku ya mvua. Wazoefu wa uwanja walipoiogopa njia inayoteleza, mtu wa rali alikuwa kama aliyerudi nyumbani. Naye Pat Moss, bibi wa Kiingereza, alikuwa bingwa wa kuruka na farasi kabla ya kuwa bingwa wa rali. Mwaka 1962 alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na Ann Riley, katika Saab ndogo, wakawa wa 3 katika Safari. Aliyezoea kumsikiliza farasi huenda hakuona shida kuisikiliza motokaa.

Sasa twende jangwani. Ari Vatanen, naye ni mtu wa Finland, alishinda Safari mwaka 1983. Mwaka 1985 alipata ajali mbaya kule Argentina, nusura afe. Wengi walidhani mambo yake yamekwisha. Mwaka 1987 alirudi, wala hakurudi katika rali aliyoizoea, bali katika mbio za kutoka Paris hata Dakar, kupitia Sahara, akashinda. Mwaka 1988 alikuwa akiongoza, motokaa yake ikaibwa usiku katika mji wa Bamako, naye akaondolewa katika mashindano. Ushindi ukamwendea mwenzake Kankkunen, yule yule wa Safari. Mwaka 1989 Vatanen alikuwa akigombea ushindi na Jacky Ickx wa Ubelgiji, mtu wa uwanjani, aliyeshinda mbio za saa 24 za Le Mans mara 6. Wote wawili walikuwa wa kundi moja. Mkuu wao, Jean Todt, akiogopa wasije wakaharibiana motokaa, akarusha sarafu juu. Sarafu ikamchagua Vatanen, Ickx akatii. Basi jangwani walikutana mtu wa matope na mtu wa lami, na jangwa halikuweza kuamua baina yao. Sarafu ndiyo iliyoamua.

Walakini nisiwadanganye kwamba kila abadiliye hupata. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 jamaa zake walifukuzwa pamoja na Wahindi wengine, akafanya makao Kenya. Mwaka 1973 alishinda Safari kwa tofauti ndogo kabisa, maana alilingana adhabu na Harry Källström wa Sweden, ikabidi kutazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kosa. Akashinda tena miaka 4 mfululizo, tangu 1979 hata 1982. Ushindi wa mara 5 katika Safari, hapana mwingine aliyeufikia. Mtu huyu aliyeijua kila korongo ya Kenya alikwenda kushindana katika jangwa la Misri mwaka 1987, akapata ajali kubwa iliyomaliza mbio zake. Alipopona alitumikia mchezo huo katika mabaraza ya ulimwengu, hata alipofariki mwaka 2006. Mchanga wa jangwa haukuuliza ameshinda mara ngapi nyumbani.

Basi ni kitu gani ambacho mtu aweza kuvuka nacho, na ni kitu gani hana budi kukiacha mlangoni? Naona mambo matatu huvuka. Huvuka macho, yaani kuona mbali na kukata shauri mapema. Huvuka mikono, yaani kujua uzito wa motokaa unaelemea gurudumu gani. Na huvuka saburi. Yasiyovuka ni mazoea. Mtu wa uwanjani amezoea kona ile ile mara 50 kwa siku, naye huitafuta nukta moja ya kukanyagia breki. Katika rali kona hupitwa mara moja, ikaisha. Mtu wa rali amezoea kuwa peke yake na saa. Uwanjani kuna jirani ubavuni mwake, motokaa kwa motokaa. Na jangwani, mwendo wa kasi bila kujua njia ni kupotea kwa haraka tu. Sifa za jana ni mzigo mzito kuliko yote, nazo ndizo zinazozamisha.

Wako waliofahamu hayo hata uzeeni. Björn Waldegård wa Sweden alishinda Safari mara 4, kisha akaja tena katika Safari ya motokaa za zamani, akashinda mwaka 2007 na mwaka 2011. Ian Duncan wa Kenya, mshindi wa mwaka 1994, alishinda hiyo ya zamani mwaka 2009 na mwaka 2013. Carlos Sainz wa Hispania, mshindi wa Safari mwaka 1992, alishinda mbio za Dakar mara 4, ya mwisho mwaka 2024, umri wake miaka 61. Naye kijana Kalle Rovanperä wa Finland, aliyeshinda Safari mwaka 2022 na mwaka 2024, alitangaza mwaka 2025 kwamba anaacha rali ili aende akajifunze mbio za uwanjani. Neil Vincent alikimbia uwanja akazaa Safari. Kijana huyu aliiacha Safari akautaka uwanja.

Ndugu zangu wa Segese na Kahama, Shinyanga na Geita, habari hizi si za mabingwa peke yao. Kwetu kijana huanza na baiskeli, akaenda kwenye pikipiki, akapanda lori, na akijaliwa huchukuliwa machimboni, Bulyanhulu au Geita, akakabidhiwa mashine kubwa kuliko nyumba. Kila hatua ni kubadili mbio. Anayesema, "Mimi nimekwisha jua kuendesha," huyo ndiye wa kuogopwa barabarani, kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wanaotembea kando ya njia. Anayesema, "Nifundisheni hii," huyo mpeni ufunguo.

Nayo methali ya wahenga ingali kweli, tukiielewa vema. Asili haikuwa uwanja, wala matope, wala theluji. Asili ya Joginder ilikuwa sikio la fundi, na ya Vatanen ilikuwa moyo uliokubali kuanza upya. Mwacha hiyo ndiye mtumwa. Mwenye kuichukua aendako, kila njia ni yake.

Kwaherini, na mwendo mwema.